Hatua ya Nne

Viunzi vyetu ni milingoti ya mkonge
tuliyoiokota kwenye shamba lililoachwa, kule Pongwe.
Mikavu, myepesi;
ukiigonga inaanguka bila kinyongo.
Nimeilaza juu ya madebe ya rangi,
usawa wa goti kwanza. Kiuno tutakifikia.

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo.
Mbuzi wa jirani wamelala njia ya tatu.

Sikilizeni. Neno la kwanza: haturuki.
Anayeruka ni chura.
Kiunzi kinakimbiwa,
kama unavyovuka kizingiti
na sinia la chai mkononi:
husimami, hukitazami,
macho yako yako kwa mgeni.

Goti litangulie, unyayo ufuate.
Mkono wa upande wa pili uende mbele
kama unampa mtu chenji.
Na mguu wa nyuma, huo mvivu wa familia,
ukunje pembeni, uulete mpaka karibu na kwapa,
usiuburute kama khanga iliyofunguka.

Ukishavuka usisherehekee hewani.
Hewani hakuna ardhi ya kusukuma.
Shuka upesi. Mbio ziko chini.

Mhina amejigonga ugoko,
anauliza kama damu inahesabiwa.
Haihesabiwi.
Sekiteke, miguu ya korongo,
anapaa kama anakwepa dimbwi la Ngamiani;
akitua, kiunzi cha pili kimeshamfika kifuani.

Kati ya kiunzi na kiunzi, hatua tatu.
Napiga debe kwa kijiti:
moja, mbili, tatu, juu.
Moja, mbili, tatu, juu.
Nilifundishwa tatu,
nimefundisha tatu miaka kumi na tisa.

Mwantumu wa Makorora tatu hazimfikishi.
Anajinyoosha, anapungukiwa, anaanguka na mlingoti wake.
Nyoosha zaidi, namwambia.
Anaanguka zaidi.
Anajipangusa mchanga kwenye viwiko,
anarudi mstarini bila kunitazama.

Mara ya nne sikuona kitu. Nilisikia.
Debe langu lilisema tatu,
na miguu yake ikachomeka pigo moja katikati,
moja, mbili, tatu, nne,
juu, kwa kushoto.
Moja, mbili, tatu, nne,
juu, kwa kulia.
Kushoto tena. Kulia tena.
Vyote vitano, kama mtu asukaye ukili,
huku na huku, huku na huku,
hata mlingoti mmoja haukutikisika.

Kijiti kilikuwa bado hewani.

"Nani kakufundisha hiyo?"
"Hakuna, mwalimu. Tatu ni za warefu."

Wenzake wakacheka. Mimi nikakohoa,
nikasema, haya, rudia, wakuone.
Maana hiyo nne imo katika kitabu changu cha kozi,
chenye jalada la bluu, kabatini, ofisini.
Ule ukurasa niliuruka.
Niliuruka kwa sababu unadai miguu miwili,
na mimi wa kushoto
sijawahi kuupa nafasi ya kutangulia:
si kwenye viunzi, si mlangoni,
si kwenye ngazi za Bombo siku ile nakimbilia wodini
mwanangu wa kwanza anazaliwa.
Daima kulia. Kushoto unakuja nyuma, unabeba.

Saa mbili wameondoka,
wamekimbilia mihogo na pilipili getini.
Nakusanya madebe manane.
Mawili nayaacha.
Mlingoti mmoja, usawa wa goti.
Natazama barabarani: hakuna mtu.
Mbuzi wanatafuna.

Moja.
Mbili.
Tatu.

Nne, na mguu wa miaka hamsini na mmoja
unanyanyuka kama mwanafunzi aliyetajwa jina ghafla,
hajui jibu.

Mlingoti umeanguka.
Bila kinyongo.

Naurudisha juu ya madebe.